Kuishtaki halmashauri ya kijiji: siku 90, kisha Mahakama Kuu

Wasikilizaji wanaotupigia hapa Kihonda wanarudia swali moja: halmashauri ya kijiji ikimgawia mtu mwingine shamba langu, naishtaki wapi?

Tuseme wewe ni mkulima wa Matombo. Kwanza unaandika notisi ya siku 90 kwa halmashauri, ukieleza madai yako, na nakala unampelekea Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Siku zikiisha unafungua kesi Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu lazima umuunganishe. Ukimsahau, kesi inaondolewa hata kama shamba ni lako kweli. (Ugomvi wa mpaka na jirani haumo humu, mradi hujaishtaki halmashauri.)

Kabla ya 2020 notisi ilikuwa ya mwezi mmoja, na madai madogo ya ardhi yalisikilizwa kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kilichobadilisha mambo ni Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya 2020, iliyoziingiza halmashauri kwenye utaratibu wa kuishtaki Serikali.

Wanaoitetea wanasema fidia inalipwa kwa kodi, na halmashauri ikijitetea ovyo wananchi wote wanaumia. Hoja hiyo ina uzito. Zahanati inajengwa kwa fedha hizohizo.

Marekani nao wanabishana hivi, ila kwao ubishi mkubwa ni juu ya kiasi. Mwaka 1975 jimbo la California liliweka ukomo wa dola 250,000 kwa fidia ya maumivu katika kesi za uzembe wa madaktari. Sheria yetu ya 2020 haikugusa kiasi, imebana mlango. Na kwa maoni yetu, mlango ukibanwa anayeumia zaidi ni mwenye ekari mbili. Nauli ya kushuka mjini, ada ya wakili, na ndani ya siku 90 mahindi ya aliyepewa shamba lako yameshabeba. Hata ukishinda, huwezi kukamata gari la halmashauri, unasubiri ulipwe.

Msaidizi wa kisheria anaweza kukuelekeza namna ya kuandika notisi, ingawa haruhusiwi kukusimamia mahakamani. Ukiipeleka, dai nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe. Bila tarehe hiyo, ni vigumu kuthibitisha kwamba siku 90 zimetimia.