Jino la Kupandikizwa Halilipiwi Mara Moja

Na Kinoti Mwirigi

Anayetoka Ruiri kwenda kupandikizwa jino mjini Meru au Nairobi huanza kwa kuuliza bei. Ni haki yake, maana matibabu hayo si ya mfuko mwepesi. Lakini lipo swali zito zaidi: nikishalipa, nani atalikagua jino hili, na mara ngapi? Daktari asiye na jibu anauza nusu ya matibabu.

Wapo wanaosema jino hilo hushikiliwa na skrubu ya chuma, na chuma hakiozi, kwa hiyo hakina haja ya kutunzwa. Kuoza kweli hakiozi. Daktari Mswidi Per-Ingvar Brånemark alimpandikizia mgonjwa wake Gösta Larsson skrubu za titaniamu mwaka 1965, zikamtumikia hadi alipofariki 2006. Kinachoharibika ni mfupa na ufizi unaoishikilia skrubu. Mfupa huhitaji takriban miezi mitatu hadi sita kushikamana nayo, na katika muda huo sigara au kisukari kisichodhibitiwa vinaweza kuvuruga kazi yote. Saa 24 za kwanza mgonjwa asisukutue wala kutematema, asije akang'oa bonge la damu lililofunga kidonda. Kesho yake ni maji vuguvugu ya chumvi, na kwa siku kadhaa ale vyakula laini kama uji. Miraa nayo ingoje (najua nasema haya Meru!), kwa sababu shavu lililojaa na taya linalotafuna saa nyingi haviendani na mshono mbichi.

Baada ya hapo kazi ni ya kila usiku. Ukoga hujificha pale taji la jino linapokutana na ufizi, mahali ambapo mswaki hupita juu juu tu, hivyo uzi wa meno au kibrashi chembamba ni lazima. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 ulikuta fizi zinazotoka damu kwa karibu watu wazima wote waliopimwa. Fizi za namna hiyo ndizo tunazozitwika skrubu ya bei ghali.

Mtu atauliza, nauli ya kwenda kukaguliwa kila miezi sita ni ya nini na jino haliumi? Ndipo penye hatari. Maambukizi hula mfupa kimyakimya, na skrubu ikianza kucheza, mara nyingi haiokoleki tena. Mzigo wa nauli ni wa kweli, ndiyo maana ukaguzi wa mwaka wa kwanza ungepaswa kuingizwa kwenye bei, na mgonjwa apewe karatasi yenye aina ya skrubu, ukubwa wake na tarehe, ili hata daktari wa Isiolo aweze kuendelea naye. Kliniki ikikataa kuyaandika hayo, meno bandia ya kuvua yatamfaa zaidi.