Wageni Wasiofika Siku ya Tatu

Wahenga walipompa mgeni siku mbili za kula na kulala, na ya tatu wakamkabidhi jembe, hawakukusudia kumfukuza. Walitaka kumwingiza. Aliyelima shamba la mwenyeji wake huujua udongo, hulijua jina la jirani na ugomvi wa mipaka, na siku ya kuondoka huwa analo la kuhadithia. Safari za matembezi zilizoenea zama hizi zimepata hila ya kuikwepa methali hiyo: mgeni huondoka siku ya pili alasiri, jembe likabaki limeegemea ukuta.

Inayokusudiwa hapa ni ile safari ya marafiki, sita au wanane, wachangao fedha mwaka mzima ili wakazuru miji ya kale ya Andalus. Hawatoki nchi moja. Wengine hutoka Uingereza, wengine Ghuba, na miongoni mwao wamo wenye asili ya pwani ya Afrika Mashariki ambao kwao majina ya Córdoba na Granada yalisikika utotoni, katika darasa za chuoni na masimulizi ya wazee. Ratiba haibadiliki: siku moja Toledo, siku moja Córdoba, siku moja na nusu Granada, siku moja Sevilla, kisha uwanja wa ndege. Wakirudi husema wameiona Andalus. Dai hilo ndilo listahikilo kupingwa, kwa kuwa si kweli, na kwa kuwa uwongo wake una madhara. Mswahili hakusema kwamba kupita kwingi ni kuona mengi. Alisema kuishi.

Na itazamwe Alhambra, kwani ndiko wote waendako. Tiketi ya kasri za Bani Nasr huandikwa saa ya kuingia, na mgeni asipofika mlangoni ndani ya nusu saa aliyopangiwa huipoteza haki yake. Utaratibu huo haulaumiki. Mahali papokeapo wageni zaidi ya milioni 2 kwa mwaka hapana budi pawe na foleni. Lakini tiketi hiyo imetaja saa ya kuingia tu. Aliyekwisha ingia haharakishwi na mtu. Aweza kukaa chini ya dari moja hadi kasri zinapofungwa. Wanaotoka baada ya dakika arubaini hutoka kwa hiari yao, kwani basi la Sevilla linangoja.

Na wakiacha nini nyuma yao? Wakiacha mashairi. Kuta za Alhambra zimejaa hati kutoka juu ya vigae hadi darini. Mwaka 2009 watafiti wa mji huo walitoa matokeo ya kazi yao ya kuyaorodhesha maandishi hayo, na hesabu yao ilikuwa yapata 10,000. Yaliyo mengi ni kaulimbiu ya ukoo wa kifalme, kwamba hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Kisha dua fupifupi na sifa za masultani. Aya za Kurani na beti za mashairi ni sehemu ndogo, lakini ni sehemu ambayo haina mfano. Waliozitunga beti hizo wanajulikana kwa majina: Ibn al-Jayyab, mwanafunzi wake Ibn al-Khatib, na mwanafunzi wa huyo, Ibn Zamrak, watatu waliofuatana katika diwani ya uandishi ya sultani. Katika Ukumbi wa Dada Wawili zimechongwa beti 24 za qasida ya Ibn Zamrak. Kwenye ukingo wa birika libebwalo na simba 12, zimo beti 12 za mshairi huyo huyo. Na mara nyingi msemaji katika beti za kuta hizo si mshairi wala sultani. Msemaji ni jengo lenyewe, likijisifu kwa nafsi ya kwanza.

Hiyo basi ni nyumba yenye kusema. Kupita ndani yake pasi na kujua imesema nini ni sawa na kukaribishwa na mwenyeji, yeye akawa anasimulia, na mgeni akawa anapima upana wa mlango apate kupiga picha. Wapenzi wa mashairi wa pwani wana sababu zaidi ya wengine ya kuona uchungu. Qasida ya Ibn Zamrak si mgeni kwao. Ni ya nasaba moja na zile alizotunga al-Busiri, na mojawapo, Hamziya, ilitiwa katika Kiswahili na Aidarusi bin Athumani wa Pate karne nyingi sasa. Mwishoni mwa mwaka 1362, Sultani Muhammad wa Tano alifanya maulidi ndani ya Alhambra, washairi wakasoma qasida za kumsifu Mtume usiku ule, na Ibn al-Khatib akaliandika tukio hilo. Mtu aliyekulia Lamu au Unguja angeweza kuketi katika majlisi ile asijione mgeni. Leo mjukuu wake hupita hapo akitafuta pembe ambayo simba wote watatokea pichani.

Udhuru wa lugha hausaidii. Ni kweli kwamba hata ajuaye Kiarabu hutaabika mbele ya hati zile, kwa jinsi herufi zilivyosukwa na majani na mafundo. Lakini kipo kitabu cha José Miguel Puerta Vílchez kilichozisoma kuta hizo moja baada ya moja, na kimetoka kwa Kiingereza pia. Anayeweza kupanga hoteli nne na treni tatu aweza kusoma kitabu kimoja.

Wapo watakaotoa hoja nzito zaidi, na mbele yao watamtanguliza Ibn Battuta. Huyu, watasema, hakulala mji mmoja ila kwa nadra, na dunia inamshukuru. Mfano wameuchagua vibaya. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika pwani hii, akalala Mombasa usiku mmoja, na Mombasa katika kitabu chake imepata mistari michache tu. Huko Maldivi, alikofanywa kadhi akaoa akagombana na wakubwa wa nchi, kurasa zake ni nyingi na zina damu na chumvi. Huko ndiko alikopewa jembe. Hata Granada, alikofika yapata mwaka 1350, alimkosa Sultani Yusuf wa Kwanza kwa kuwa sultani alikuwa mgonjwa. Kilichomfaa ni kuketi bustanini na wanavyuoni wa mji, akiwasimulia safari zake. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo kijana Ibn Juzayy, ambaye miaka michache baadaye, huko Fez, ndiye aliyeiandika Rihla. Lau Ibn Battuta angaliishia kuzunguka kuta za mji, huenda leo pasingekuwa na kitabu cha kumtolea hoja.

Waarabu husema mwenzi kabla ya njia, na hapana mwenye akili awezaye kulaumu usuhuba. Hata hivyo, kundi la marafiki wanane ni baraza linalotembea. Limechukua mizaha yake kutoka nyumbani, na madeni yake, na kesi zake za nani kachelewa kuamka. Mji huwa pazia nyuma ya baraza hilo. Wanane hao hawana haja ya kumwuliza njia mwenyeji, kwani mmoja wao anayo ramani; hawana haja ya mtu wa kula naye, kwani meza imekwisha jaa. Msafiri wa peke yake, kwa upweke wake tu, hulazimika kuzungumza na mtu.

Kisha kuna machozi. Kusini ya Granada ipo njia ya mlimani iitwayo Suspiro del Moro, ambapo ngano husema sultani wa mwisho, baada ya kuukabidhi mji tarehe 2 Januari 1492, aligeuka akalia, na mamaye akamkaripia. Mabasi husimama hapo, na marafiki nao huingiwa na huzuni kwa fahari iliyopotea. Huzuni hiyo ingekuwa na heshima lau ingekuwa na elimu. Andalus wanayoililia, ya waja wema watupu wenye bustani na vitabu, haikuwapo. Ibn al-Khatib, waziri na tabibu na mshairi, alinyongwa gerezani Fez katika miaka ya 1370, na miongoni mwa walioshughulikia mashtaka yake alikuwa Ibn Zamrak, mwanafunzi wake. Ibn Zamrak naye aliuawa nyumbani kwake katika miaka ya 1390. Mkono ulioandika beti za birika la simba ndio uliomwandama mwalimu. Jambo hilo haliupunguzi ushairi wake. Ila humlazimisha msomaji kuusoma akiwa macho, na huo ndio usomaji ambao machozi ya barabarani huukwepa.

Wenye haja ya kulia kwa haki wangesimama Bib-Rambla. Huo ni uwanja wa mikahawa na vibanda vya maua, karibu na kanisa kuu, na kundi hupumzika hapo kwa aiskrimu. Karibu na mwaka 1500, Askofu Mkuu Cisneros aliamuru vitabu vya Kiarabu vya Granada vikusanywe vikachomwa kwa maelfu, na mapokeo yanaonesha uwanja huo. Vya tiba viliachwa. Beti za Alhambra zilinusurika kwa kuwa zilichongwa ukutani, na kwa kuwa wafalme walioshinda waliipenda nyumba wakaihamia. Shairi la karatasi liliungua, la chokaa likabaki. Kwa mpenzi wa mashairi, mwendo wa robo saa kutoka uwanja ule hadi kilimani ungetosha kuwa safari nzima. Kwa ratiba, ni nafasi ya kununua sumaku za kubandika kwenye friji.

Walio hai nao hupitwa vivyo hivyo. Mtaa wa Albaicín, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1994, una nyumba nyingi sasa zikodishwazo kwa usiku, na mpangaji wa mwaka hashindani na mpangaji wa siku mbili. Watasema fedha za wageni ndizo ziutunzao mji. Ni kweli kwa kuta. Kwa watu wake, jibu lilionekana Barcelona Julai 2024, wenyeji walipowarushia wageni maji kwa bunduki za kuchezea wakiwa wameketi mikahawani. Katika Albaicín hiyo hiyo ulifunguliwa msikiti mwaka 2003, wa kwanza kujengwa Granada kwa zaidi ya miaka 500. Waliojitahidi kuujenga ni Wahispania waliosilimu. Bustani yake inaitazama Alhambra, na kwa hiyo hujaa wapiga picha. Wanaosafiri maelfu ya maili kuuomboleza Uislamu wa Andalus huupa mgongo ulio hai, wakauelekeza uso ule wa makumbusho.

Msomaji wa visiwani asicheke upesi. Mji Mkongwe wa Unguja ulitiwa katika orodha hiyo hiyo mwaka 2000, na Lamu ikafuata mwaka 2001, na vichochoro vyote viwili huwapokea wageni wa siku mbili. Lakini hao wana udhuru wa ugeni. Mwenyeji ana udhuru gani? Tenzi za pwani ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, zikanakiliwa kwa mkono nyumba kwa nyumba, na wawezao kuzisoma katika hati hizo wanazidi kupungua, ilhali wawezao kusema kwamba ni urithi wanazidi kuongezeka. Milango ya nakshi husifiwa katika kila hotuba. Mtembezaji husimama mbele ya mmoja wao, kundi likamzunguka, akaishika misumari ya shaba, akaeleza ya kuwa Bara Hindi iliwekwa kuzuia ndovu wa vita. Wageni hucheka, kwani kichochoro hakipitishi ndovu. Juu ya vichwa vyao, kwenye kizingiti, imechongwa aya, na pengine chini yake mwaka wa Hijra. Kidole cha mtembezaji hakipandi hadi huko, na katika kundi hapana aulizaye.