WAYA WENYE PLAGI MBILI

Hapa Arua na kule Koboko jenereta si kitu kigeni. Kwa miaka mingi West Nile haikuwa katika gridi ya taifa. Kituo cha umeme wa maji cha Nyagak, kilichozinduliwa mwaka 2012, kina megawati 3.5 tu, na hata leo taa huzimika mara kwa mara. Basi, sina neno na jenereta. Neno langu ni juu ya namna tunavyoziunga na nyumba zetu.

Likizo iliyopita nilikuwa Koboko, dukani kwa mjomba. Yeye alikuwa na waya wenye plagi pande zote mbili: moja huingia katika jenereta, nyingine katika soketi ya ukutani, na nyumba nzima huwaka. Kazi yangu ilikuwa kuzima kwanza swichi kuu. Usiku mmoja nilisahau. Mashine ikaguna, ikazimika. Mjomba alicheka. Mimi sikucheka, maana nilijua imeguna kwa nini: ilikuwa ikijaribu kuwasha taa za mtaa mzima.

Wako wasemao kwamba mashine ndogo haiwezi kumdhuru mtu aliye mbali. Si kweli hata kidogo. Transfoma ishushayo umeme wa volti 33,000 kuwa 240 haijui mbele wala nyuma. Ukiipa 240 kwa upande wa nyumbani, huupandisha. Tena nyaya zikikatika karibu nawe, hapana mtaa wa kuilemea mashine. Itanguruma vizuri tu, na hapo ndipo fundi anapopanda nguzo akiamini kuwa umeme umezimwa.

Kwa hiyo nashikilia kwamba kila nyumba yenye jenereta iwe na swichi ya kugeuzia, ile ambayo mafundi huiita chenjiova, na ifungwe na fundi mwenye leseni. Mkono wake haukai pande mbili kwa wakati mmoja: ama umeme wa nje, ama wa jenereta. Hapo uhai wa mtu hautegemei tena kumbukumbu ya kijana mwenye usingizi. Nanyi kaka zetu mliokwisha maliza hapa, ninyi ndio wenye nyumba na maduka. Aliyepata fedha ya jenereta hashindwi na ya swichi.

Mjomba amesema ataifunga mwezi ujao. Kwa sasa friji yake huchomekwa moja kwa moja katika jenereta, iliyoko uani (ndani ya nyumba moshi wake huua), kwa sababu ule waya nimekuja nao shuleni. Umo sandukuni mwangu.