Tusiwape Wanafunzi Chaguo la Karatasi

Tangu wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waingie Gredi ya 10 mnamo Januari 2026, neno moja limevuma katika mazungumzo ya wazazi na walimu hapa Isiolo: kuchagua. Twaambiwa kwamba mwanafunzi wa Sekondari Pevu sasa hujichagulia mkondo, ama wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ama wa sayansi za jamii, ama wa sanaa na michezo. Kisha huchagua masomo matatu ya kujumlisha na yale ya lazima kama vile Kiswahili, Kiingereza na Hisabati. Ni wazo jema, nami sina nia ya kulibeza. Ninachouliza ni hiki: mwanafunzi huyo anachagua kutoka kapu lipi?

Nauliza kwa sababu yalinifika. Nililelewa Garbatulla, na mara nyingi utotoni niliona mashine ya kisima ikiharibika. Mifugo ililia kwa kiu, akina mama wakapanga mitungi, nasi sote tukamngoja kwa siku kadhaa fundi atoke mbali. Nikaapa kwamba nitasomea uhandisi. Nilipofika Kidato cha Tatu katikati ya miaka ya tisini, katika shule moja ya huku kaskazini, naibu wa mwalimu mkuu aliandika ubaoni masomo ya KCSE ili tuchague. Fizikia haikuwamo. Mwalimu wake alikuwa amehamishwa na hakuna mwingine aliyeletwa. Nikachukua Historia. Leo naifundisha, na kazi hii naipenda. Lakini mtu asiniambie kwamba niliichagua.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, haukumkataza yeyote kusoma Fizikia. Hatukunyimwa na sheria. Tulinyimwa na ubao. Hofu yangu ni kwamba mtaala mpya waweza kubadilisha majina yote na kuuacha ubao ule ule. Serikali ilitarajia asilimia 60 ya wanafunzi waingie mkondo wa sayansi, 25 sayansi za jamii na 15 sanaa na michezo. Shule nazo zimepangwa katika makundi, C1 hadi C4. Kwenye karatasi mpango huu wapendeza. Lakini wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Maabara isiyo na vifaa haimfundishi mtu Kemia, hata ikiandikwa mlangoni kwa wino wa dhahabu.

Wapo watakaojibu kwamba haiwezekani kumwajiri mwalimu kwa ajili ya wanafunzi watano wanaotaka somo moja huko Merti au Oldonyiro. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, watano hao hawakosi haki kwa kuwa ni wachache. Ikiwa shule moja haiwezi kumpata mwalimu wake, basi shule jirani zishirikiane: mwalimu mmoja awe na siku zake katika kila shule, na maabara moja iliyo kamili itumiwe kwa zamu. Pale ambapo umbali haukubali hata hilo, mwanafunzi aambiwe ukweli mapema, kabla hajachagua shule, na asaidiwe kupata nafasi na malazi mahali somo lake lilipo.

Kwa hivyo nawaomba wakuu wa shule jambo ambalo halihitaji senti hata moja. Tangazeni masomo mnayoyafundisha kweli: lipi lina mwalimu, na lipi lingali jina tu. Huku si kuiaibisha shule. Mzazi anayeuza ng'ombe ili alipe karo ana haki ya kujua ananunua nini.

Nanyi wanafunzi, msivutwe na sifa ya shule wala na hatua za rafiki. Kabla ya kujaza fomu, ulizeni maswali matatu: nani hulifundisha somo hili, hufundishwa kwa vifaa gani, na lanifikisha wapi? Kumbukeni pia kwamba Hisabati, iliyobakizwa kuwa ya lazima mwaka wa 2025, haitakuwa ya aina moja: wa mkondo wa sayansi husoma ile nzito, na wengine huwekewa ile nyepesi. Anayekimbia hesabu leo ajue ni milango ipi anaifunga nyuma yake.

Wala tusidharau masomo yaliyo karibu nasi. Nimewasikia wazazi wakisema kwamba Kilimo ni somo la walioshindwa. Maneno haya yasemwa katika kaunti inayoishi kwa ngamia, ng'ombe na mbuzi, ambako kila ukame hutukumbusha uhaba wa wataalamu wa mifugo na malisho! Mtoto anayejua mifugo tangu utotoni, akiongezewa Biolojia na Kemia iliyofundishwa barabara, aweza kuifaa jamii yake kuliko wengi wetu.

Visima vya kwetu vingali na mashine, na mashine zingali zikiharibika. Pengine yuko msichana Garbatulla leo anayezitazama kama nilivyozitazama mimi. Atakapofika mbele ya ubao wa masomo, naomba Fizikia iwe imeandikwa, na mwalimu wake awe amesimama kando yake.