Pizza ya Forodhani Isipimwe kwa Tanuri la Napoli

Mwandishi aliyeiita pizza ya Forodhani, Unguja, mbaya kuliko zote kwa kuwa haiokwi tanurini, amekosea kipimo. Ufundi wa wapika pizza wa Napoli uliorodheshwa na UNESCO mwaka 2017, na wanastahili. Ya Forodhani ni chakula kingine: donge la unga hutandazwa hadi liwe jembamba, likatiwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, likakunjwa na kukaangwa mbele ya mlaji. Mbaya ni ile iliyopoa au iliyokaangwa kwa mafuta yaliyochakaa. Hapa Rukuba, ndani ya Ziwa Victoria, sato hatumlinganishi na jodari. Tunauliza amevuliwa lini. Wahakiki wa pizza nao waulize kwanza: imepikwa saa ngapi?