Sahani za Maua na Mikono Iliyozichora

Wahenga walituusia: usiache mbachao kwa msala upitao. Wengi hudhani usia huu ni wa ndoa na urafiki tu, kumbe hata kabati la vyombo lina la kutufunza. Mwezi huu na tutazame Marekani, kwa watu wanaokusanya sahani za maua ambazo viwanda vyake vilikwisha fungwa zamani.

Katika mji mdogo wa Erwin, jimbo la Tennessee, baina ya milima ya Appalachia, palikuwa na kiwanda kilichoitwa Southern Potteries. Vyombo vyake vilijulikana kwa jina la Blue Ridge. Viwanda vingi vya siku zile vilibandika nakshi zilizokwisha pigwa chapa. Hiki kiliajiri wanawake, wakachora kwa brashi na kwa macho yao tu. Kazi ilikuwa ya ushirika: mmoja hutia maua, mwenziwe majani, wa tatu vikonyo, na sahani hupita mkono hata mkono kabla ya kupakwa mng'aro wa kioo na kuchomwa tanuuni. Kwa hiyo hazipatikani mbili zilizo sawasawa kabisa. Katika miaka ya 1940 wafanya kazi wa kiwanda kile walizidi 1,000.

Kisha ukaja msala upitao. Baada ya vita plastiki isiyovunjika iliingia majikoni, na vyombo vya bei rahisi vikaletwa kutoka ng'ambo, khasa Japani. Kazi ya mkono ikaonekana ghali. Mwaka 1957 kiwanda kikafungwa, na wachoraji wakakosa kazi.

Khabari ya pili ni ya California. Mwaka 1941 kampuni ya Gladding, McBean ilitoa, chini ya jina la Franciscan, nakshi iitwayo Desert Rose, yaani waridi la jangwani. Maua yake yameinuka kidogo juu ya udongo, hata kidole huyahisi, nayo yalitiwa rangi kwa mkono. Mwaka 1979 kampuni ya Wedgwood ya Uingereza ilinunua kazi ile. Mwaka 1984 ikaihamishia Uingereza, na kiwanda cha California kikafungwa. Ndiyo sababu mkusanyaji hodari hugeuza sahani kwanza, akasoma muhuri wa nyuma kabla ya kusifu ua la mbele.

Je, watu hawa hutafuta nini? Si wote watafutao faida. Mara nyingi nyumba ilirithi sahani kumi na mbili za bibi, zikavunjika moja moja hata zikabaki saba, na jamaa wakikutana huonekana pengo. Mwaka 1981 Bob Page, aliyekuwa mkaguzi wa hesabu katika North Carolina, alianzisha Replacements, biashara ya kutafuta vipande vilivyopungua. Leo maghala yake yana mamilioni ya vyombo. Wako wangojao miaka kwa ajili ya kifuniko kimoja cha buli.

Kijana atakaye kununua chombo cha kale na apitishe kidole ukingoni kutafuta pengo, akitazame penye mwanga kutafuta ufa, kisha akigonge kwa ukucha: kizima hulia kwa sauti safi, chenye ufa hutoa sauti butu. Naye muuzaji ni wajibu wake kuidhihirisha aibu ya bidhaa yake kabla ya kupokea fedha.

Liko jambo kubwa zaidi. Mng'aro na rangi za vyombo vingi vya zamani vilitiwa risasi, nayo ni sumu, khasa kwa watoto. Serikali ya Marekani ilianza kuweka mipaka ya risasi itokayo katika vyombo vya udongo mwaka 1971 tu. Vitu vikali kama ndimu, siki na nyanya huivuta kutoka katika mng'aro. Basi chombo ambacho hakikupimwa na wataalamu kiwekwe kabatini kitazamwe. Mtoto asilishwe humo, wala chakula kisilazwe humo.

Mfinyanzi hulia gaeni. Sahani za Erwin leo hutafutwa kwa bidii na kulipiwa vizuri, lakini fedha hizo hazikuwafikia wanawake waliozichora. Walizihitaji kabla ya mwaka 1957, wakati wanunuzi walipokuwa wakikimbilia plastiki. Kukusanya kazi ya fundi aliyekwisha ondoka ni kumbukumbu njema, lakini hakumlishi. Basi aliye na mfinyanzi, mshona kofia au msuka mikeka mtaani kwake, na amnunulie leo, naye yu hai na mkono wake ungali na nguvu.