Kolwezi: wiki moja darasani, Kiswahili na Kifaransa

Mtoto wa Kolwezi anaingia mwaka wa kwanza akiwa na Kiswahili cha mtaani, cha Manika, cha Kasulo ao cha Musonoi. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inataka lugha za taifa zitumike kufundishia na pia zifundishwe kama somo. Programu ya serikali inaweka Kiswahili miaka miwili ya kwanza, Kifaransa kikianza kwa mdomo. Kwenye karatasi mambo ni wazi. Lakini ukifuata wiki ya masomo, somo kwa somo, unaona kwamba darasani lugha si mbili. Ni tatu: Kifaransa, Kiswahili cha kitabu na Kiswahili cha nyumbani.

Hesabu kwanza, maana hapo ndipo mambo yanachanganyika zaidi. Mtoto anayetumwa sokoni kununua chumvi anasikia bei kwa Kifaransa: "cinq cents", "mille". Makuta na tarehe, Kolwezi inavihesabu kwa Kifaransa, hata mama ambaye haongei Kifaransa. Darasani kitabu kinamwambia "ishirini, thelathini, arobaini", maneno ambayo nyumbani hayasikii. Mwalimu mjanja anapitia katikati: anasema "makumi mbili na tatu", jinsi wazee wanavyosema. Mtoto anaona makumi ni mawili, na tatu ziko pembeni, na anaweza kuzipanga kwa vijiti ao kwa mawe. Baadaye akikutana na "septante" (Kongo, sawa na Ubelgiji, haisemi "soixante-dix") anaielewa haraka: ni makumi saba. Shida ni "quatre-vingts". Makumi munane yamegeuka kuwa ishirini mara nne! Mwalimu anayejua mtego huo anautengea siku nzima. Asiyejua anasema mtoto ni mzito wa kichwa.

Kusoma nako kuna lake. Kiswahili kinaandikwa jinsi kinavyosikika: mtoto akishika "ma, me, mi, mo, mu", anaweza kufungua maneno mengi peke yake. Kifaransa hakimpi nafasi hiyo. Herufi "u" inabadilika sauti, sauti yake ya zamani inaandikwa "ou", na sauti moja ya "o" inaweza kubeba herufi tatu, "eau". Njo maana ya kuanza na Kiswahili: mtoto ajifunze kwanza kazi yenyewe ya kusoma, halafu aihamishie kwenye lugha ngumu zaidi.

Lakini kitabu kinaandika "mtoto" na "watoto", na mdomo wa Kolwezi unasema "mutoto" na "batoto". Mtoto akitazama "mtoto" na kusoma "mutoto", amekosea? Hapana, amesoma na ameelewa. Mwalimu akimkatiza papo hapo, somo la kusoma limegeuka kuwa somo la matamshi, na mtoto anajifunza kwamba hata lugha ya mama yake haijui. Kiswahili sanifu kina faida yake, sana sana tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kinaweza kusubiri miezi michache.

Masomo ya mazingira ndiyo yanaonyesha vizuri zaidi kilichopo hatarini. Chukua somo la maji. Likifundishwa kwa Kifaransa, darasa zima linaitikia sentensi kwa pamoja, na ndani ya sauti hiyo moja haijulikani nani ameelewa. Likifundishwa kwa Kiswahili, maswali yanatoka: mayi ya mtoni yanapokuwa na rangi, kisa nini? Wanaosafisha madini mle wanaacha nini ndani? Kasulo, ambako kobalti ilipatikana chini ya nyumba za watu mwaka 2014, vumbi na mashimo viko karibu na mlango wa nyumba. Mtoto wa huko ana haja ya kuelewa somo hilo kabla hajakua, si kulikariri kwa ajili ya mtihani.

Wazazi wengi hawapendi mpango huu. "Kiswahili anakijua tayari, tunamtuma masomo apate Kifaransa." Wana haki ya kusema hivyo: mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi ni wa Kifaransa, karatasi za kampuni za madini pia. Wanachohitaji kuona ni kama njia ya mkato inafika. Benki ya Dunia inakadiria kwamba watoto 97 kwa 100 wenye miaka 10 nchini Kongo hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Wala Kiswahili shuleni si kitu kipya hapa. Wakati wa ukoloni, watoto wa kambi za Union Minière walisomeshwa kwa Kiswahili na wamisionari. Kifaransa kilichukua nafasi yote miaka ya 1960, baada ya uhuru.

Kinachopungua leo ni vitabu na walimu waliofundishwa kazi hii. Elimu ya msingi ya bure, iliyoanza Septemba 2019, ilijaza madarasa. Mradi wa ACCELERE!, uliolipwa na Marekani na Uingereza, ulileta vitabu vya kusomea kwa Kiswahili, Lingala na Ciluba, lakini mradi una mwisho wake, na shirika la USAID lenyewe limefungwa mwaka 2025. Kuna pia mwalimu aliyekulia Kasai ao kijiji cha Walunda: anapewa mwaka wa kwanza, na Kiswahili cha kitabu ni kigeni kwake pia.

Kuanzia mwaka wa tatu, Kifaransa kinaanza kutawala darasa. Kabla ya hapo, mzazi anaweza kufanya jaribio dogo nyumbani: ampe mtoto mistari mitano ya Kiswahili asiyowahi kuiona, asome, kisha aeleze kwa maneno yake kilichoandikwa. Akishindwa, aende kumuona mwalimu mapema, angali mwaka wa pili.